Fahamu: Jinsi Tabo na Upuliziaji wa Mafuta wa Moja kwa Moja Vinavyorejesha Nguvu ya Injini Nyanda za Juu Kusini

Gari linalotoka Dar es Salaam kwenda Iringa huanza safari katika usawa wa bahari, hupita Morogoro na Mikumi bila taabu kubwa, kisha baada ya Ruaha Mbuyuni hukutana na Mlima Kitonga. Hapo ndipo madereva wengi hugundua kuwa gari lililokuwa jepesi Chalinze limekuwa zito. Gia hushushwa, pedali ya mafuta hukanyagwa hadi mwisho, na malori yenye shehena hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Wengi hulaumu mwinuko wa barabara peke yake. Mwinuko huo una sehemu yake, lakini ipo sababu nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo haiishi gari linapofika juu. Hewa yenyewe imepungua.

Tosamaganga, iliyopo takribani kilomita 15 kutoka Iringa mjini, ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili. Eneo hilo lipo kati ya mita 1,500 na 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na lina hospitali teule ya Halmashauri ya Wilaya ya Iringa inayopokea wagonjwa kutoka vijiji vingi vya wilaya hiyo. Kwa wakazi wake, nguvu ya injini si suala la mashindano wala la fahari. Ni suala la gari la wagonjwa lenye mama mjamzito, muuguzi na ndugu wawili nyuma, kupanda barabara ya vumbi wakati wa masika bila kukwama. Ni suala pia la mwananchi aliyejinyima kwa miaka kadhaa ili kuagiza gari lililotumika kutoka Japani, ambaye hataki kugundua baada ya miezi sita kwamba alichagua injini isiyomfaa.

Injini haiendeshwi na mafuta pekee. Mafuta huhitaji hewa ili yaungue, na kipimo chake hakina mjadala: kilo moja ya petroli huhitaji takribani kilo 14.7 za hewa ili iungue kikamilifu. Injini ya sentimita za ujazo 1,500, iliyo katika magari mengi madogo yanayoonekana Iringa na Mbeya, kila inapozunguka mara mbili huvuta hewa isiyozidi lita moja na nusu. Jijini Dar es Salaam, katika joto la nyuzi 30, hewa hiyo ina uzito wa takribani gramu 1.75. Tosamaganga, hata katika ubaridi wa nyuzi 20, lita hizohizo zina takribani gramu 1.5. Ujazo ni uleule, lakini hewa iliyomo imepungua kwa karibu asilimia 15, na mafuta yanayoweza kuungua nayo hupungua kwa kiwango hichohicho. Kompyuta ya gari hupata taarifa hiyo kupitia sensa na kupunguza mafuta ili yalingane na hewa iliyopo. Kuendelea kukanyaga pedali hakusaidii kitu, kwa kuwa mlango wa hewa umekwisha kufunguka wote.

Kanuni wanayoitumia wahandisi ni rahisi kuikumbuka. Injini inayovuta hewa kwa nguvu zake yenyewe hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Gari lililoandikwa kiwandani kuwa na nguvu za farasi 100 hufika Tosamaganga likiwa na takribani 85, hata kama ni jipya na halina kasoro yoyote. Kabla ya kumlaumu fundi au kubadilisha plagi, ni vema mmiliki akalijua hilo.

Dawa yake ni kuacha kuisubiri injini ivute hewa na badala yake kuishindilia ndani kwa nguvu. Wazo hili lina umri mkubwa kuliko barabara ya lami ya Kitonga. Ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya pampu yao ya kusukuma hewa mwaka 1860, kabla hata magari hayajaanza kutembea barabarani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya kutumia moshi wa injini kuendesha pampu ya aina hiyo mwaka 1905, na kufikia mwaka 1921 kampuni ya Mercedes ilikuwa ikionesha magari yenye injini za kushindiliwa hewa. Lakini jaribio linalofanana zaidi na hali ya Nyanda za Juu lilifanyika mwaka 1918. Mhandisi Sanford Moss wa kampuni ya General Electric aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kileleni mwa Pikes Peak nchini Marekani, mlima wenye kimo cha takribani mita 4,300. Bondeni injini hiyo ilitoa nguvu za farasi 350. Kileleni ilitoa 230. Ilipofungwa tabo, ikiwa palepale kileleni, ilitoa 356.

Vifaa vinavyofanya kazi hiyo ni vya aina mbili, na madereva wengi huvichanganya. Supachaja huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda unaotoka kwenye krenki. Faida yake ni kwamba huitikia papo hapo, hata injini ikiwa katika mzunguko mdogo. Hasara yake ni kwamba hula sehemu ya nguvu inayoisaidia kuzalisha. Tabo hutumia moshi wa moto unaotoka kwenye ekzosi, nishati ambayo vinginevyo ingepotea hewani. Moshi huzungusha feni moja, feni hiyo imeunganishwa kwa mhimili na feni ya pili, na hiyo ya pili husukuma hewa safi kuelekea kwenye silinda. Mzunguko wake unaweza kuzidi mara 100,000 kwa dakika. Kwa kuwa tabo husubiri moshi uwe mwingi, dereva huhisi kuchelewa kidogo kati ya kukanyaga pedali na nguvu kuja.

Katika miinuko, tofauti ya vifaa hivi hudhihirika zaidi. Supachaja ya kawaida husukuma ujazo uleule kwa kila mzunguko, hivyo hukizidisha kile ilichokipata nje: hewa ikiwa nyembamba, hata iliyozidishwa itakuwa pungufu kuliko ya pwani. Tabo inayodhibitiwa na kompyuta inaweza kuzunguka kwa kasi zaidi hadi ifikishe mgandamizo uliokusudiwa, almradi haijafika ukomo wake. Ndiyo sababu lori la tabo likiwa Makambako hufanya kazi karibu kama lilivyofanya Kibaha, wakati gari lisilo na kifaa hicho limeshapoteza sehemu kubwa ya pumzi.

Hata hivyo, kushindilia hewa kuna gharama yake. Hewa ikibanwa hupata joto, kama anavyojua kila aliyewahi kujaza upepo kwenye tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono. Ndani ya tabo joto hilo linaweza kupanda kwa makumi ya nyuzi, na hewa ya moto hutanuka, hivyo sehemu ya faida huanza kupotea. Magari mengi hufungwa kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula, kwa ajili hiyo. Tatizo kubwa zaidi kwa injini za petroli ni kwamba mchanganyiko wa hewa na mafuta ukiwa wa moto na umebanwa sana huweza kulipuka wenyewe wakati au mahali pasipotakiwa. Mafundi huita hali hiyo injini kugonga. Ikiendelea, hutoboa pistoni. Kwa miongo mingi watengenezaji waliizuia kwa kupunguza mbano wa injini zenye tabo, na matokeo yake yalikuwa magari yenye nguvu lakini yanayokunywa mafuta kupita kiasi.

Hapo ndipo upuliziaji wa mafuta wa moja kwa moja ulipoleta mabadiliko. Katika injini ya kawaida ya petroli, nozeli hupuliza mafuta kwenye njia ya hewa, nje ya valvu, kwa presha ya baa tatu au nne tu. Hewa na mafuta huingia pamoja. Katika mfumo wa moja kwa moja, valvu huingiza hewa tupu, na nozeli iliyo ndani ya silinda yenyewe hupuliza mafuta kwa presha ya makumi ya baa, na katika injini za karibuni hata zaidi ya baa 200. Matone ya petroli hugeuka mvuke humohumo ndani, na yanapofanya hivyo huchukua joto kutoka kwenye hewa inayoyazunguka, kama vile spiriti inavyopoza ngozi kabla ya mgonjwa kuchomwa sindano. Silinda hupoa, injini haigongi upesi, na mtengenezaji anaweza kuongeza mbano badala ya kuupunguza. Ipo faida nyingine isiyotajwa mara nyingi. Tabo inaweza kupuliza hewa safi kusafisha mabaki ya moshi ndani ya silinda bila kupoteza mafuta, kwa kuwa mafuta hupulizwa baada ya valvu ya kutolea moshi kufungwa.

Kwa maneno mengine, tabo au supachaja huleta hewa, na upuliziaji wa moja kwa moja huiwezesha injini kuitumia hewa hiyo bila kujiumiza. Katikati ya miaka ya 2000, kampuni ya Volkswagen ilivikusanya vyote katika injini moja ya sentimita za ujazo 1,390: upuliziaji wa moja kwa moja, supachaja kwa mzunguko mdogo na tabo kwa mzunguko mkubwa. Ilitoa nguvu za farasi 170 na msokoto wa nyutoni mita 240, kiwango ambacho kwa kawaida kilihitaji injini ya zaidi ya lita mbili. Katika nchi ambayo ushuru wa bidhaa kwa magari yanayoagizwa hupanda kadiri ukubwa wa injini unavyoongezeka, mvuto wa injini ndogo yenye nguvu nyingi unaeleweka.

Kwa Tosamaganga, hata hivyo, mfano ulio karibu zaidi ni wa dizeli, nao ni Land Cruiser mkonga. Injini ya 1HZ, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990 na kuendesha magari mengi ya Serikali, ya hospitali na ya mashirika nchini, ina silinda sita na ujazo wa sentimita 4,164. Haina tabo, na dizeli yake hupulizwa kwanza katika chemba ndogo iliyo pembeni kabla moto haujatoka kwenda kusukuma pistoni. Chemba hiyo hupunguza makelele, lakini kuta zake hunyonya joto ambalo lingefanya kazi. Msokoto wake ni takribani nyutoni mita 285.

Mwaka huohuo Toyota ilitoa injini ndugu yake, 1HD-T, yenye ujazo uleule wa 4,164, kipenyo kilekile cha silinda na urefu uleule wa mwendo wa pistoni. Tofauti kubwa zilikuwa mbili: dizeli ilipulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, na tabo ilifungwa. Msokoto ulifika takribani nyutoni mita 360. Mrithi wake, 1HD-FTE, iliyokuja mwishoni mwa miaka ya 1990 ikiwa na udhibiti wa kielektroniki, ilifika 430, zaidi ya mara moja na nusu ya 1HZ, na ujazo ukiwa haujabadilika. Ujazo unaosomeka kwenye kadi ya gari ni uleule kwa zote tatu. Mnunuzi anayetazama ukubwa wa injini pekee hawezi kujua anachonunua.

Tena takwimu hizo ni za usawa wa bahari. Tosamaganga, 1HZ hupungua hadi karibu nyutoni mita 240, na kwa kuwa pampu yake ya kimakanika haitambui mwinuko isipofungwa kifaa cha kurekebisha mafuta, hupuliza dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo. Moshi mweusi unaoonekana nyuma ya magari hayo mlimani mara nyingi ni dizeli ambayo haikupata hewa ya kuungua nayo, yaani fedha zinazotoka kwenye bomba. Upuliziaji wa moja kwa moja pekee hupunguza matumizi ya dizeli kwa takribani asilimia 10 hadi 15 ukilinganishwa na ule wa chemba ndogo.

Kama ni hivyo, kwa nini 1HZ imependwa kwa miaka mingi kiasi hicho? Kwa sababu inasamehe. Huvumilia mafuta yasiyo safi, hutengenezwa na fundi mwenye spana na uzoefu, na haihitaji kompyuta ya kuipima. Swali hilo ndilo linalopaswa kuulizwa na kila mwananchi kabla ya kuvutiwa na neno tabo lililobandikwa nyuma ya gari. Nguvu ya injini mpya inategemea usafi na uangalizi ambao injini ya zamani haikuudai.

Simulizi ya injini za D-4 inalionesha hilo. Toyota ilianza kuuza injini za petroli zenye upuliziaji wa moja kwa moja kwa jina hilo mwaka 1996, mwaka ambao Mitsubishi nayo ilitoa za kwake zilizoitwa GDI. Magari yenye mfumo huo, yakiwemo baadhi ya Premio za lita mbili, yalipofika Afrika Mashariki yakiwa yametumika, yalipata sifa mbaya miongoni mwa mafundi, na hadi leo wanunuzi wengi huuliza kwanza kama gari ni D-4. Sehemu ya sifa hiyo ni ya haki. Katika injini ya kawaida petroli huziosha valvu kila inapopita. Katika mfumo wa moja kwa moja haizigusi, hivyo masizi na mvuke wa oili huganda juu yake hadi njia ya hewa ikawa finyu. Toyota wenyewe baadaye walitengeneza mfumo wa D-4S wenye nozeli za aina mbili, za ndani na za nje ya silinda, na kutatua sehemu kubwa ya kasoro hiyo. Lakini sehemu nyingine ya lawama haikuwa ya injini. Pampu ya presha kubwa hulainishwa na mafuta yanayopita ndani yake, na nozeli zina tundu nyembamba sana, baadhi zenye kipenyo cha karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Uchafu au maji kidogo hutosha kuziharibu.

Ndiyo maana uchakachuaji wa mafuta si kosa la kikodi tu. Petroli ikichanganywa na mafuta ya taa hupoteza uwezo wa kuzuia kugonga, na injini iliyoshindiliwa hewa ndiyo inayoumia kwanza. Dizeli iliyochanganywa hupoteza ulainishaji, na pampu husagika. Serikali ilianzisha uwekaji wa vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili kuutambua uchakachuaji, na katika bajeti ya mwaka 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa tofauti ya bei iliyokuwa ikiwavutia wachakachuaji. Aidha, kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, hatua iliyofungua njia kwa injini za kisasa zenye vichujio vya moshi. Mwananchi anayetilia shaka mafuta aliyouziwa anapaswa kuwa na risiti ya kielektroniki ya siku hiyo, kwa kuwa ndiyo inayoonesha kituo na muda, na kutoa taarifa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), ambayo ina ofisi ya kanda jijini Mbeya. Mafuta ya kwenye madumu, yanayouzwa kando ya barabara za vijijini, hayana risiti wala mtu wa kumuuliza.

Oili nayo inahitaji nidhamu. Mhimili wa tabo huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Gari lililomaliza kupanda Kitonga na kusimama Ilula ili abiria wanunue nyanya lina tabo yenye joto kali. Likizimwa ghafla, oili iliyobaki ndani huungua na kuwa masizi yanayoziba njia. Dakika moja au mbili za kuiacha injini ingurume taratibu kabla ya kuzimwa zinatosha. Kuna mafundi wanaowashauri wateja kuiziba tabo iliyoharibika ili kuepuka gharama ya mpya. Injini yenye mbano mdogo, iliyobuniwa kushindiliwa hewa, ikinyang'anywa tabo hubaki dhaifu kuliko ile ambayo haikuwahi kuwa nayo, na katika mwinuko wa Iringa udhaifu huo ni mara mbili.

Si kila mtu anahitaji teknolojia hii. Mkazi wa Tosamaganga anayekwenda Iringa mjini na kurudi, akiwa na abiria wawili au watatu, atahudumiwa vizuri na injini ya lita moja na nusu isiyo na tabo, yenye nozeli za nje ya silinda. Asilimia 15 anayopoteza atailipa kwa kushusha gia moja anapopanda kutoka Ipogolo, na vipuri atavipata katika gereji yoyote. Anayebeba mbao kutoka Mafinga, au anayesimamia gari la wagonjwa, ana hesabu tofauti, na kwake tabo ya dizeli hulipa gharama yake.

Ukaguzi wa magari yaliyotumika unaosimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hulenga ubora na usalama wa gari kwa ujumla. Hauwezi kumwambia mnunuzi nozeli zimebakiza muda gani. Anayenunua gari la tabo lililokwisha kutumika nchini ni vema alione likiwashwa asubuhi, injini ikiwa baridi. Moshi wa bluu ukitoka kwenye ekzosi huashiria kuwa oili inaungua, pengine kupitia tabo iliyochakaa. Kisha aombe kuliendesha mlimani, si kwenye tambarare ya mjini, akisikiliza mluzi wa tabo na kuangalia kama nguvu inakuja bila kukatika. Mwisho afungue bomba linalotoka kwenye chujio la hewa na kutazama ndani. Utando mwembamba wa oili ni wa kawaida. Vumbi si la kawaida, kwa sababu feni inayozunguka mara 100,000 kwa dakika husagwa na vumbi la barabara ya Tosamaganga kama kisu kinavyosagwa na jiwe la kunolea.